Sakafu ya mawe ya Mazeras nje ya nyumba: ukingo niweke wa nini baada ya ile ya kwanza kuporomoka?

Mwana Mtwapa (mleta uzi) · Ijumaa usiku

Wadau, hodi humu. Nyuzi za kabro, yale matofali ya zege ya kutandika, nimezisoma zote na hakuna hata moja iliyonifaa, basi naleta yangu.

Mwaka jana kabla ya masika nilimpa fundi kazi ya kunitandikia mawe nje ya mlango wa nyuma, pale tunapopunga upepo jioni. Mita 6 kwa 4. Upande mmoja wa mita 6 umegusana na ukuta wa nyumba, pande tatu zilizobaki ziko wazi, zinaangalia bustani. Mawe ni Mazeras, yanayochimbwa Mazeras huku pwani, yale mapana yasiyo na umbo maalumu, rangi yake kama maziwa yaliyotiwa majani ya chai kidogo. Siku ilipokwisha nilipiga picha nikatuma kila mahali.

Masika yakaja. Wiki ya pili ya mvua mchanga ukaanza kutoka pembeni kama unga unaovuja guniani. Mawe ya mwisho upande wa bustani yakabaki yananing'inia. Mama mkwe alitutembelea, akakanyaga jiwe moja la pembeni, likapanda upande wa pili kama bembea, chai yote ikaishia kwenye kanga yake. Hakusema neno. Mngemjua mngeelewa kwa nini hilo lilinitisha zaidi.

Nimempigia fundi mpaka nimechoka. Sasa nataka kuitengeneza mwenyewe polepole, na swali langu ni moja tu: ukingo gani mzuri? Nimeshauriwa magogo ya mvinje, tofali za kuchoma, kebu za zege (zile za ukingo wa barabara), na jirani ameniambia nifukie chupa kichwa chini. Wenye uzoefu tafadhali.

Kabro Tu · Ijumaa usiku

Weka kabro, mambo yaishe.

Mwana Mtwapa · Ijumaa usiku

Nilijua wewe utakuwa wa kwanza.

Fundi Mwiko · Jumamosi asubuhi

Ndugu yangu, usikimbilie ukingo. Chukua chepe, fukua pembeni ya lile jiwe lililommwagia mama mkwe chai, kisha utuambie chini yake umekuta nini, tabaka kwa tabaka. Chukua na nyundo ndogo ugonge mawe ya katikati moja moja. Linalolia kama ngoma lina uwazi chini. Linalolia kavu, kama unagonga ardhi, limelala vizuri.

Ukishamaliza turudi kwenye ukingo. Nimetandika mawe haya miaka mingi Kilifi na Malindi, na kazi tisa kati ya kumi nilizoitwa kurekebisha hazikuwa na ubaya wa jiwe.

Mama Goba · Jumamosi mchana

Nipo Dar, huku sisi kabro tunaita pavingi, mnisamehe. Swali la pembeni: hiyo sehemu mnaiitaje nyinyi? Baraza? Kwetu baraza ni pale mbele ya nyumba penye kikalio. Nyuma ni uani.

Tumbatu · Jumamosi mchana

Kikalio chenyewe ndicho baraza, Mama Goba. Sakafu ni sakafu. Ila hilo neno lako nitalirudia, maana nina wazo kwa mleta uzi.

Mwana Mtwapa · Jumapili jioni

Fundi Mwiko, shikamoo. Nimefukua.

Jiwe lenyewe ni nene kama sentimita 4. Chini yake kulikuwa na madonge matano ya saruji, manne pembeni na moja katikati, kama mtu alivyoweka mandazi kwenye sinia. Kati ya madonge kumejaa siafu na hewa. Chini ya madonge ni mchanga mtupu, sentimita 7 hivi, halafu udongo wetu mwekundu uleule wa siku zote. Kokoto hakuna. Kifusi hakuna. Pembeni kabisa palikuwa na mkanda wa saruji wa upana wa vidole vitatu, umepakwa juujuu upande wa nje, nao umeshatoka vipande vipande.

Mchanga nimeuonja (msinicheke). Una chumvi. Ni wa ufukweni.

Nimegonga mawe yote kwa nyundo. Nimehesabu 61 na yanayolia ngoma ni 38.

Fundi Mwiko · Jumapili usiku

Marahaba. Sasa umeshajijibu nusu.

Yale madonge matano ni uvivu wa kuokoa saruji. Jiwe la asili halina unene mmoja, kwa hiyo linataka kulala mwili mzima, siyo kusimama kwa visigino. Maji yanaingia kwenye uwazi, mchanga unatembea, na mtu mzito akikanyaga mahali pasipo na donge jiwe linapasuka. Mchanga wa chumvi nao hukutolea unga mweupe juu ya mawe kila yakikauka, na kama kuna nondo karibu unaila. Usiurudishe. Ununue wa mtoni.

Pembeni ndipo siri ilipo. Sakafu haizami katikati kwanza, huanza kufa kwenye ukingo, kwa sababu jiwe la katikati linashikwa na wenzake pande zote na la pembeni lina upande mmoja ulio wazi. Maji yakipita yanachukua mchanga wa chini yake, linaachia, halafu la pili linakuwa ndilo la pembeni. Kwa hiyo ukingo siyo urembo wa kuchagua mwisho kama pazia. Unaujenga kwanza, unakauka, ndipo unatandika kuelekea kwake.

Na kosa jingine, nina hakika nalo bila kuona picha: vipande vidogo viliwekwa pembeni, siyo? Fundi asiyepanga huanza katikati na mawe makubwa, akifika pembeni anaziba kwa vigae. Ifanye kinyume. Mawe makubwa na mazito yenye upande mmoja ulionyooka yawe ya pembeni, vidogo viishie ndani.

Mwana Mtwapa · Jumapili usiku

Vipande vidogo vilikuwa pembeni. Kuna kimoja sawa na kiganja.

Syokimau Tifutifu · Jumatatu asubuhi

Mimi naongea kutoka udongo mweusi, ule unaonata kwenye kiatu mpaka unaongezeka urefu. Mleta uzi ushukuru Mungu una udongo mwekundu. Huu wetu ukinywa maji unavimba, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Nilitandika mawe ya Galana juu yake na msingi wa sentimita 10, mwaka mmoja tu sakafu ikawa na mawimbi. Ilibidi tuuchimbe wote tukafika kwenye ngumu, tukajaza moramu, ule udongo wa changarawe, tabaka kwa tabaka huku tukishindilia. Gharama ya chini ilizidi gharama ya mawe. Anayesoma uzi huu akiwa Kitengela au Athi River asinakili vipimo vya watu wa pwani.

Kijana wa Mwanza · Jumatatu mchana

Huku kwetu jiwe ni la kumwaga, mji mzima umekaa juu ya miamba. Tatizo ni kulikata. Granaiti inamaliza disiki ya grinda kama sabuni. Hilo Mazeras linakatikaje?

Fundi Mwiko · Jumatatu mchana

Mazeras ni jiwe la mchanga, lina matabaka. Ukijua mkondo wake, tindo na nyundo vinatosha. Unachora mstari kwa msumari, unapitisha tindo polepole mara mbili tatu upande huu, unaligeuza, unapita upande wa pili, kisha pigo moja. Ukitumia hasira linakwenda linakotaka lenyewe. Galana ni gumu zaidi, hapo grinda utaihitaji. Na ukikata kwa grinda uloweshe jiwe na uzibe pua vizuri. Vumbi la jiwe la mchanga ni adui wa mapafu, siyo vumbi la kupangusa na kuendelea.

Kasoro ya Mazeras ni kwamba linakunywa maji. Likiwa kivulini linaota kijani na kuteleza. Brashi ngumu na maji vinatosha kulisafisha. Kuna watu hupaka vanishi ili ling'ae, na mvua ikinyesha sakafu inakuwa ya kuvunjia watu miguu.

Mwana Mtwapa · Jumatatu usiku

Sawa, nimekubali kung'oa yote. Twende kwenye ukingo sasa. Magogo ya mvinje?

Mama Goba · Jumatatu usiku

Mchwa, baba. Mwaka wa kwanza raha, wa pili unashika gogo linabaki unga mkononi.

Kabro Tu · Jumatatu usiku

Kebu za zege. Zimenyooka, zinadumu, unazinunua palepale panapouzwa kabro.

Mwana Mtwapa · Jumatatu usiku

Nimeziweka pembeni ya mawe nione. Zinafanana na barabara. Jiwe limepinda kila upande kama mwambao, halafu ghafla mstari wa kijivu. Mke wangu amesema inaonekana kama kituo cha matatu.

Fundi Mwiko · Jumanne asubuhi

Shemeji ana macho. Kebu haina kosa kwenye kabro, maana vyote ni vya kiwanda. Kwenye jiwe la asili nasema hivi. Tofali za kuchoma zinapendeza mwanzo, lakini nyingi tunazopata hazikuiva sawasawa, zikikaa kwenye ardhi yenye unyevu zinamong'onyoka. Chupa ni mchezo, na siku mtoto akiipiga na mpira utakuja kuniambia. Bati au chuma karibu na bahari sitaki hata kulizungumza.

Kilichobaki ni jiwe lenyewe. Agiza Mazeras nene zilizochongwa mstatili, uzisimamishe kwa ubavu ndani ya zege, theluthi mbili zikiwa chini. Au usiwe na ukingo wa kuonekana kabisa: yale mawe makubwa ya pembeni yakalie mkanda wa zege, na upande wa nje uyajengee bega la zege lenye mteremko, liishie chini kidogo ya uso wa jiwe. Juu ya bega unarudisha udongo na nyasi. Mtu akitazama anaona jiwe linakutana na majani, hajui chini kuna nini. Mimi kwangu nimefanya hivyo.

Tumbatu · Jumanne mchana

Sasa wazo langu. Huna haja ya ukingo wa namna moja pande zote tatu. Upande mmoja wa mita 4 ujenge baraza, kikalio halisi, cha mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa. Urefu kwenda juu sentimita 45, upana 45. Unapata ukingo usiong'oka, unapata na pa kukaa, na yale maviti ya plastiki unayagawa. Mitaa ya Mji Mkongwe watu wanakalia ukingo wa nyumba zao kila jioni na hakuna anayeita ukingo.

Ila msingi wake uchimbie wenyewe. Usiujenge juu ya sakafu ya mawe.

Mwana Mtwapa · Jumanne usiku

Tumbatu! Mbona nisiweke baraza pande zote tatu basi?

Leicester Kwa Sasa · Jumanne usiku

Kwa sababu maji yatapita wapi? Mimi nipo Uingereza, nafanya kazi na kampuni ya kutengeneza bustani, na makosa ninayoyaona zaidi ni hayo. Watu wanainua ukingo pande zote, wanajitengenezea beseni.

Sakafu iteremke kutoka kwenye nyumba. Huku kwa jiwe la uso usio laini tunashusha kama sentimita 1 kwa kila sentimita 60. Kwako mita 4 ni kama sentimita 6 na nusu mpaka 7. Ule upande wa mita 6 wa mbali na nyumba ndio wa chini, kwa hiyo ukingo wake lazima uwe sawa na mawe au chini yake kwa unywele. Nje yake chimba mfereji wa upana wa chepe, jaza kokoto, maji yazame humo. Pande za mita 4 unaweza kuinua utakavyo, maji hayatoki huko.

Na karibu na ukuta, uso wa mawe uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 angalau. Mvua ikipiga mawe inarukia ukuta. Acha pengo la sentimita 1 kati ya mawe na ukuta, uzibe kwa kitu kinachonyumbulika. Huku tuna adui mwingine, barafu inayoingia kwenye jiwe na kulipasua, hiyo nyinyi mmesamehewa.

Fundi Mwiko · Jumatano asubuhi

Huyo wa Leicester amesema kweli tupu. Mwana Mtwapa, andika.

Chimba sentimita 18 kutoka pale uso wa mawe utakapokuja kuwa. Kumi ni za moramu au kokoto mchanganyiko na vumbi lake, nne za mchanganyiko wa kulalia, nne ni jiwe. Kwa mita zako 24 za mraba, tabaka la chini likishashindiliwa ni mita 2.4 za ujazo, lakini linanywea, agiza 3. La kulalia ni kama mita moja ya ujazo. Saruji moja kwa mchanga wa mtoni nne, mifuko 8 ya kilo 50, na miwili ya kuziba mianya. Zege la ukingo na msingi wa baraza piga hesabu peke yake. Bei siandiki, kila mtu hupewa ya kwake akifika na gari lake.

Mchanganyiko uwe mkavu kiasi kwamba ukiufinya unashikana lakini hautoi maji. Jiwe lilowanishe, mgongoni lipake uji wa saruji, ulilaze lote, ugonge na nyundo ya mpira. Likikataa kukaa, linyanyue, usilitilie kijiwe chini. Mianya iwe kati ya sentimita 1 na moja na nusu, na usiache mianya minne ikakutana msalaba. Ikutane mitatu mitatu, kama matawi.

Kabro Tu · Jumatano asubuhi

Kabro ingekuwa imeshakauka wakati huu.

Fundi Mwiko · Jumatano asubuhi

Kabro haikauki, bwana. Inakalia mchanga. Hata hilo hujui?

Mama Goba · Jumatano mchana

😂😂 Kabro Tu leo umepatikana.

Mwana Mtwapa · wiki tano baadaye

Wadau, narudi na ripoti.

Kung'oa kulichukua siku moja, kubandua saruji ya zamani migongoni mwa mawe kulichukua nne. Mawe sita yalivunjika, mawili kwa kosa langu na tindo. Kamba nilifunga kwenye vigingi pande zote, mteremko nikapima kwa mpira wa maji uleule wa kumwagilia, nikiwa nashika mwisho mmoja na mtoto wa darasa la sita ameshika mwingine, anasoma alama. Alinigundua nimekosea kwa sentimita 2 kwenye kona ya mwarobaini. Angenyamaza, dimbwi lingekuwa hapo.

Mwarobaini wenyewe nimeuachia duara la mita moja bila jiwe. Mizizi yake nimeikuta imefika kwenye sakafu ya zamani.

Upande wa mbali nimefanya bega la zege la kufichwa, mawe makubwa tisa, kila moja la kubebwa na watu wawili. Nililiacha zege siku tatu kabla ya kuweka la kwanza. Upande wa mashariki ni Mazeras za kuchongwa zilizosimama, zimetokeza sentimita 8, kuzuia udongo wa kitanda cha maua. Upande wa magharibi ni baraza la Tumbatu. Mianya niliimwagia maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima, imefunikwa magunia.

Juzi mvua kubwa ya kwanza ya vuli imeshuka. Nilisimama mlangoni na tochi kama mlinzi. Maji yalikwenda upande wa bustani, yakavuka ukingo, yakazama kwenye kokoto. Kuna dimbwi moja la ukubwa wa kisosi, ila hilo ni kijibonde cha jiwe lenyewe, shomoro wanaogea humo sasa. Nimegonga mawe upya asubuhi. Yanayolia ngoma ni mawili.

Fundi Mwiko · siku hiyohiyo

Mawili yako wapi? Pembeni au katikati?

Mwana Mtwapa · siku hiyohiyo

Katikati yote mawili, karibu na mlango.

Fundi Mwiko · siku hiyohiyo

Yaache mpaka masika. Yakianza kucheza utayanyanyua peke yake, hayatamwangusha jirani. Yangekuwa pembeni ningekuambia uyatoe leo.

Tumbatu · siku hiyohiyo

Picha ya baraza iko wapi? Na lipu ya chokaa umeipa siku ngapi kabla ya kuikalia?

Mwana Mtwapa · siku hiyohiyo

Nilipanga kumi na nne. Mama mkwe alikuja siku ya tisa akaikalia, nami sikuwa na ubavu wa kumwambia anyanyuke. Alama ya kanga imebaki kwenye kona, nimeiacha hivyo hivyo.

Kabro Tu · siku iliyofuata

Nina swali la dhati, msinicheke. Uani kwangu kabro za mwisho upande wa geti zimeanza kuachana, mchanga unatoka. Hilo bega la zege linaweza kuwekwa bila kung'oa zote?

Fundi Mwiko · siku iliyofuata

Linawezekana. Ng'oa mistari miwili ya mwisho tu, chimba mkanda wa sentimita 20 kwa 15, na ulete picha kabla hujamwaga zege.